Je, WordPress Itadumu?

Wanachama wenzangu, pengine jina WordPress hulijui, lakini kazi yake umeiona mara nyingi. Hii ni programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, hata kwa mtu asiye mtaalamu wa kompyuta. Zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani huitumia. Hapa kwetu, kuanzia vighorofa vya River Road hadi Westlands, utawakuta mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Ndiyo maana swali la kama itadumu linatuhusu.

Watu walianza kuwa na wasiwasi Septemba 2024. Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress na mkuu wa kampuni ya Automattic, alikosana na kampuni ya WP Engine, ambayo hutunza tovuti za watu kwenye seva zake. Alidai kwamba inachuma bila kuchangia ipasavyo. Tarehe 25 mwezi huo, WP Engine ilifungiwa mlango wa WordPress.org, mahali zinapotoka programu-jalizi na marekebisho mapya. Wateja wake, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, wakatatizika. Jamani, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi! Kesi ilifika kortini Oktoba, na tarehe 10 Desemba mahakama ya California ikaamuru mlango ufunguliwe.

Hata hivyo, ugomvi wa wakubwa hauwezi kuiua WordPress hivi hivi. Ni programu huria, yaani leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Tena yenyewe ilizaliwa kwa ruhusa kama hiyo. Michel Valdrighi alikuwa ametunga programu iitwayo b2. Alipoacha kuishughulikia, Mullenweg akiwa Marekani na Mike Little akiwa Uingereza waliichukua na kuiendeleza. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa WordPress. Kwa hivyo wenye kuitunza leo wakishindwa, wengine wanaweza kuipokea.

Wala tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba nchi yetu, Wakenya na wenzao waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Nayo iligawiwa huria, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Basi hatari iko wapi? Kwa maoni yangu, iko karibu na nyumbani. Shangazi yangu hushona sare za shule kule Kangemi. Fundi mmoja wa mjini alimtengenezea tovuti safi, yenye picha na bei zote. Kumbe jina la tovuti alilisajili kama mali yake, na paswadi akabaki nazo! Ada ya mwaka ilipofika, simu ya fundi haikupatikana, na tovuti ikazimika. WordPress haikuwa na hitilafu yoyote. Shangazi ndiye aliyekosa ufunguo.

Wengine husema, "Achana na tovuti, uza kwa Facebook au TikTok." Ni rahisi kweli, na wateja wako huko. Lakini hapo wewe ni mpangaji: mwenye nyumba akibadilisha masharti, huna la kufanya. Tovuti ya programu huria unaweza kuihamisha na vyombo vyako vyote, mradi funguo ziwe mkononi.

Hebu basi, yeyote atakayetengenezewa tovuti adai mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lake mwenyewe. Pili, apewe paswadi ya msimamizi. Tatu, kila mwezi awekewe nakala ya akiba kwenye flashi anayoihifadhi yeye. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku chama chetu kitakapoliweka jarida hili kwenye tovuti, tuanze na hayo matatu.