Je, Wajua? Kwenda si sawa na kurudi

Kutoka London hadi New York kwa ndege ni takriban kilomita 5,550, na ukigeuka kurudi umbali ni uleule. Kinachobadilika ni muda. Kwenda huchukua saa saba na nusu hadi nane. Kurudi, mara nyingi ni saa sita na ushei.

Mwenye kuamua ni upepo. Juu ya Atlantiki, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, hupita mkondo wa upepo mkali utokao magharibi, na majira ya baridi huzidi makali. Marubani huutafuta waelekeapo Ulaya na kuukwepa waendapo Marekani, kama manahodha wa majahazi walivyopangia safari zao kaskazi na kusi.

Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilifika London kutoka New York kwa saa 4 na dakika 56. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa. Hata hivyo haikuipita sauti, maana hewa yenyewe ilikuwa mbioni pamoja nayo. Iliyoipita kweli ni ndege ya Concorde: mwaka 1996 ilivuka kwa saa 2 na dakika 53, nayo ikastaafishwa 2003.