Kitegemezi au kitegemewa? Msamiati wa kusakinisha programu

Anayefundisha kompyuta kwa Kiswahili huko Dongobesh, wilayani Mbulu, au Katesh, wilayani Hanang, huanza na neno lenye maana mbili. Mwanafunzi akiambiwa "tafuta kifurushi", fikra yake huenda kwenye simu, ambako kifurushi ni kiasi cha data au dakika kilichonunuliwa. Katika mifumo ya kompyuta ya jamii ya Unix, kama vile Debian (1993) na Ubuntu (2004), kifurushi ni faili lililofungiwa programu pamoja na maelezo ya jina, toleo na mahitaji yake. Maana zote mbili zimetokana na furushi, yaani mzigo uliofungwa kwa nguo. Neno ni sahihi. Ila katika maandishi ya kufundishia, litajwe kwanza kwa ukamilifu: kifurushi cha programu.

Vifurushi hivyo hutunzwa katika ghala lililo kwenye intaneti. Amri ya "apt update" huleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani bila kubadilisha programu yoyote. "Apt search" hutafuta kwa neno. "Apt show" huonyesha maelezo. Na "apt install" husakinisha. Anayehitaji kikagua tahajia cha Kiswahili, kwa mfano, atakuta kifurushi kiitwacho hunspell-sw.

Kupakua si kusakinisha. Kupakua ni kuleta faili kutoka ghalani, kama chakula kinavyopakuliwa kutoka chunguni. Kusakinisha kumetokana na sakini, yaani kuishi mahali, neno lenye asili moja na maskani: programu hupewa makazi ndani ya mfumo. Tofauti hii ina faida. Amri ya "apt download" hupakua tu, hivyo faili laweza kuchukuliwa kwenye flashi kutoka penye mtandao mzuri hadi kwenye kompyuta ya shule isiyo na mtandao, na kusakinishwa huko.

Hapo ndipo kosa la neno moja linapoweza kupoteza safari nzima. Kifurushi aghalabu hakifanyi kazi peke yake: libreoffice-writer, programu ya kuandikia, huhitaji libreoffice-core. Je, libreoffice-core iitweje? Wafasiri wengine huandika "kitegemezi", na maana hupinduka. Kiambishi -zi hutaja mtenda: mlezi hulea, mwokozi huokoa, mtegemezi hutegemea. Ndiyo maana watoto huitwa wategemezi wa wazazi, si wazazi kuitwa wategemezi wa watoto. Anayetegemewa hutajwa kwa kauli ya kutendwa, kama mpendwa. Basi libreoffice-core ni kitegemewa, na libreoffice-writer ni kitegemezi chake.

Mwongozo ukisema "chukua pia vitegemezi vyake", msomaji makini atabeba vifurushi visivyohitajika na kuviacha vinavyohitajika. Katika kuondoa programu, hatari ni kubwa zaidi: kitegemewa kikiondolewa, vitegemezi vyake huondolewa pamoja nacho. Mfumo wenyewe hautatizwi na jambo hili. "apt depends" huorodhesha vitegemewa vya kifurushi. "Apt rdepends" huorodhesha vitegemezi vyake.

Kwa mwalimu wa Mbulu na Hanang, ambako wanafunzi wengi huzungumza Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, jozi hii pia ni somo zuri la uundaji wa maneno: tegemea, tegemewa, kitegemewa, tegemea, tegemezi, kitegemezi. Anayeelewa viambishi hana haja ya kukariri istilahi.

Matumizi yanayopendekezwa:
• Sakinisha kifurushi pamoja na vitegemewa vyake.
• Kabla ya kuondoa kifurushi, kagua vitegemezi vyake.
• Pakua leo penye mtandao. Sakinisha kesho shuleni.

Neno tegemeo (wingi: mategemeo) laweza kutumika badala ya kitegemewa. Kitegemezi hakiwezi.