Grafu Inayong'aa Ukumbini, Ikififia Kwenye Ripoti

Mkutanoni, kwenye slaidi, grafu ilipendeza. Ripoti ilipotoka kiwandani kwa mchapaji, grafu ileile, iliyotiwa humo kama picha ya slaidi, ilikuwa na ukungu, tarakimu za chini hazisomeki, na lawama zote akabebeshwa yeye.

Mara nyingi mchapaji hana kosa. PowerPoint, programu ya slaidi, ikiwa kwenye Windows na isipoelekezwa vingine, huhifadhi slaidi kama picha kwa kiwango cha pikseli 96 kwa inchi. Slaidi pana ya siku hizi ina inchi 13.33 kwa 7.5, hivyo inayopatikana ni picha ya pikseli 1280 kwa 720. Kwenye simu inatosha na kubaki. Ikitandazwa kwenye upana mzima wa karatasi ya A4, hubaki pikseli kama 155 kwa kila inchi, ilhali wachapaji huomba 300. Ajabu ni kwamba toleo la kwanza la programu hii, la mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, lilitengenezwa hasa kwa kuchapa kurasa za projekta.

Dawa ipo, ila imefichwa. Fundi huingia kwenye rejista ya Windows, mahali pasipochezewa ovyo, akaongeza kipengele kiitwacho ExportBitmapResolution na kukipa thamani ya 300. Slaidi ileile sasa hutoka na pikseli 4000 kwa 2250. Programu nyingine ya slaidi, LibreOffice Impress, ina uungwana zaidi: humuuliza mtumiaji ukubwa anaoutaka kabla ya kuhifadhi.

Aina ya faili nayo ina neno lake. JPEG huigawa picha katika vijisehemu vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa baadhi ya taarifa. Uso wa mtu hauathiriki sana, lakini herufi huzungukwa na kitu kama vumbi. Kwa chati na maandishi, PNG ni salama. SVG ni bora zaidi, kwa kuwa mistari yake haichakai hata ikikuzwa.

Halafu kuna Word, ripoti inakoandikwa, ambayo kwa kawaida huzibana picha hadi pikseli 220 kwa inchi wakati wa kuhifadhi. Kazi yote ya fundi inaweza kupotelea hapo, ubanaji huo usipozimwa kwenye mipangilio.

Faili ya slaidi isifutwe. Bosi akitaka tarakimu moja irekebishwe, picha haimsaidii mtu. Na msomaji asiyeona, anayesomewa hati na kompyuta, hataipata grafu hiyo kamwe isipoandikiwa maelezo yake kwa maneno.