Tulipongoja Ziwa Litulie Mfangano

Watu wengi wakaao Kisumu, hasa katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda, hulijua Ziwa kwa kulitazama kwa mbali, au kwa kununua samaki wake katika soko la Kibuye. Huyaona maji asubuhi yametulia kama mafuta katika sahani, wakadhani ndivyo yalivyo mchana kutwa. Watu wa visiwani hawadhani hivyo. Wao huyajua maji kama mkulima ajuavyo shamba lake: iko saa ya kufanya kazi, na iko saa ya kungoja. Habari hii ni ya saa ya kungoja, na faida iliyomo ndani yake.

Kwanza yafaa kueleza jinsi upepo wa Ziwa unavyokwenda. Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100. Ghuba ya Winam, ambayo mji wa Kisumu uko mwisho wake, ni mfano wa chumba cha ndani. Mlango wake uko upande wa Rusinga na Mfangano. Atokaye nje ya mlango huo ameingia uwanjani, mahali ambapo upepo hauna cha kuuzuia.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka bara kwenda Ziwani. Ndiyo sababu tangu zamani wavuvi wa matanga walitweka alfajiri. Jua likisha kupanda, nchi kavu hupata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka Ziwani kuja ufuoni, nao huwarudisha nyumbani. Lakini siku nyingine hewa hiyo yenye unyevu hupanda na kujenga mawingu makubwa ya radi. Hapo upepo mkali hutangulia mvua, hushuka ghafula, na kuinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Mawimbi ya namna hiyo huweza kujaza mashua maji kabla nahodha hajapata nafasi ya kuigeuza.

Tulikuwa tumetoka kisiwa cha Remba katika mashua ndefu ya mbao yenye injini, tukielekea Mbita. Abiria wengi walikuwa wachuuzi wa samaki. Mama mmoja alikuwa na magunia sita ya omena, dagaa wa Ziwa, waliokwisha anikwa juani. Kijana mmoja aliyevaa shati jeupe alikuwa ameitwa mahojiano ya kazi ya ukarani, Kisumu, kesho yake saa mbili asubuhi. Mbele yetu, juu ya milima ya Gwassi, wingu jeusi lilikuwa limesimama. Nahodha alilitazama kwa kitambo, akapunguza mwendo wa injini, akageuza omo kuelekea Mfangano bila kumwuliza mtu.

"Mzee, mbona twaacha njia?" kijana akauliza.

"Mwanangu, njia tutaikuta hapo hapo kesho," nahodha akajibu. "Nataka na sisi tuwepo."

Yule mama hakusema neno. Aliomba turubai, akayafunika magunia yake, akafunga kamba yeye mwenyewe. Alijua hesabu yake: omena wakilowa mvua huharibika, na walioharibika hununuliwa kwa bei ndogo ili wawe chakula cha kuku. Hata hivyo hakumhimiza nahodha aendelee. Hatujafika mbali katika mazungumzo ya ufuoni mara mashua nyingine, iliyokuwa imepita bila kutua, ikarudi. Watu wake walikuwa wakichota maji kwa ndoo, na sehemu ya mizigo yao walikuwa wameitupa ili wajiokoe. Tangu saa ile hakuna aliyemwuliza nahodha swali tena.

Mvua ilinyesha hadi jioni kidogo, ikapungua, lakini mawimbi yalikuwa bado makubwa. Nahodha alisema tutalala. Basi mzee mmoja wa kisiwani, aliyetukaribisha chai, akatuambia, "Maadamu mmekaa, msikae bure. Njooni mwone tulichoachiwa." Tukamfuata watu watano, na yule kijana akiwamo, ingawa uso wake ulikuwa umekunjamana.

Mfangano si kisiwa kidogo. Kilele chake, Kwitutu, kina kimo cha meta 1,694 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa Ziwa lenyewe liko meta 1,134 hivi, mlima huo unasimama zaidi ya meta 500 juu ya maji. Wenyeji ni Waabasuba, ambao wazee wao husimulia kwamba walitoka pande za Uganda. Wengi wao leo husema Kijaluo, na lugha yao ya Kisuba imepungua watu wa kuisema.

Mzee alituongoza hadi Mawanga, penye mwamba ulioinama kama paa la nyumba. Ukutani imechorwa miviringo ndani ya miviringo, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro mingine ya namna hiyo iko Kwitone, juu zaidi mlimani. Inasadikiwa kwamba waliochora ni Watwa, wawindaji na wakusanyaji waliokaa hapa zamani sana, kabla ya wakulima wa leo. Waabasuba waliikuta, wakaiheshimu. Mahali hapo pamekuwa pakihusishwa na maombi ya mvua.

Tulisimama kimya, maji yakitutiririka mabegani. Kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema, "Kumbe sisi tunaikimbia mvua, na wenzetu walikuja hapa kuiomba!" Mzee akamjibu kwamba wote wawili wana haki, maana mvua ni moja, ila mmoja yumo mashuani na mwingine yumo shambani.

Wakati wa kushuka, wingu lilifunguka kidogo, akatuonyesha Rusinga ng'ambo ya maji. Katika kisiwa hicho ndiko alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Huko huko, tarehe 2 Oktoba 1948, Mary Leakey aliona vipande vya mfupa na jino mtelemkoni. Vipande vile vilipounganishwa vilikuwa fuvu la mnyama aliyeitwa wakati ule Proconsul, wa jamii ya nyani wakubwa, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Majivu ya volkano ya kale ndiyo yaliyoihifadhi mifupa ya wanyama wa wakati ule. Watu wangapi walikuwa wamepita Rusinga kwa mashua, mbio mbio, bila kujua kilichokuwa chini ya miguu ya mbuzi? Kisiwa hakimfungulii sanduku lake mtu apitaye na haraka zake.

Tuliondoka alfajiri, upepo wa bara ukiwa mpole. Magunia ya omena yalifika Mbita makavu. Kijana alivuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, akashika gari la Kisumu. Lakini saa mbili ilikuwa imekwisha pita kitambo. Alikuwa amewapigia simu waliomwita, akawaeleza. Sikupata habari kama walimpa siku nyingine.

Hatuwezi basi kusema kwamba kungoja hakuna gharama. Gharama ipo, na mara nyingine ni kubwa. Lakini gharama ya kutongoja hulipwa na watoto na wajane, wala haina siku nyingine. Kwa hiyo yafaa kila mmoja abebe sehemu yake. Msafiri mwenye shughuli kubwa na aondoke siku moja kabla. Asikilize utabiri wa Ziwa utolewao na Idara ya Hali ya Hewa, avae jaketi la kuokoa maisha hata kama maji yametulia, na akubali neno la nahodha akisema tutue. Wenye mashua wasimlipe nahodha kwa wingi wa safari tu, maana hapo wanamnunua asiogope. Nao mabwana na mabibi wakaao ofisini, wapangao saa za mahojiano, wakumbuke kwamba mtu wa visiwani aweza kuchelewa siku nzima, na bado akawa mtu wa kutegemewa kuliko aliyelala mtaa wa pili.

Na wewe msomaji, siku Ziwa litakapokushusha mahali usipopataka, usikae ufuoni ukihesabu saa tu. Tafuta mzee wa mahali hapo, umsalimu kwa adabu, umwulize kisiwa chao kina nini.