Asiyeandikwa daftarini hagawiwi

Kila msimu wa bajeti unapowadia, Wakenya hushughulika mno na swali la kiasi: kaunti hii imetengewa shilingi ngapi, na ile jirani imetengewa ngapi. Ni swali la haki, wala sina nia ya kulibeza. Hata hivyo, liko swali jingine linalotangulia hilo, nalo halipewi nafasi katika mabaraza yetu: je, mgawaji anamjua anayemgawia? Nitalitazama swali hili kwa kuzingatia ruzuku za afya na jamii ndogo za Bonde la Ufa la kati, yaani Waogiek wa msitu wa Mau, Waendorois wa Ziwa Bogoria, na Wailchamus wanaoishi kando ya Ziwa Baringo.

Sheria haina kasoro kubwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya kadiri inavyowezekana. Kifungu cha 56 kinaiamuru serikali kuweka mipango maalumu ili jamii ndogo na zilizotengwa zifikiwe na maji, huduma za afya na miundomsingi. Kifungu cha 204 nacho kiliunda Hazina ya Usawazishaji, ambayo hutengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka ili kupeleka maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Msomaji atambue tofauti ndogo iliyojificha katika maneno hayo. Kifungu cha 56 kinazungumzia watu. Kifungu cha 204 kinazungumzia mahali. Katika ufa huo mwembamba ndimo Mwogiek alimotumbukia.

Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa sera yake ya kwanza ya kutambua sehemu zilizotengwa, ilichagua kaunti 14. Turkana ilikuwamo, na Mandera, na Wajir, na Narok pia. Nakuru haikuwamo, wala Baringo. Msitu wa Mau, lakini, hauijui mipaka ya kaunti. Waogiek wanaishi upande wa Narok, na wengine wanaishi upande wa Nakuru, huko Mariashoni na Nessuit. Kwa hiyo ndugu wawili wa ukoo mmoja, wenye lugha moja na historia moja ya kufukuzwa msituni, walijikuta mmoja yumo katika orodha ya waliotengwa na mwenzake hayumo, eti kwa sababu mstari wa ramani umepita katikati yao.

Nakuru haingeingia katika orodha hiyo kwa urahisi. Ni kaunti yenye mashamba ya ngano na maua, viwanda, chuo kikuu pale Njoro, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, na hospitali kubwa iliyokuwa ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Wastani wake ni mzuri. Walimu wenzangu hawahitaji kufundishwa hila za wastani. Darasa linaweza kupata wastani wa alama 60 na mkuu wa shule akafurahi, ilhali pale nyuma wameketi watoto watatu ambao hawajui kusoma. Mwalimu mwema huwajua watoto hao kwa majina. Mgawaji wa ruzuku aliye Nairobi huona alama 60 tu.

Mwaka 2018 Tume ilijirekebisha. Sera ya pili iliacha kupima kaunti nzima ikapima maeneo madogo, na kuorodhesha maeneo 1,424 katika kaunti 34. Hiyo ni hatua ya kusifiwa, ijapokuwa fedha zenyewe zilikwama kwa muda mrefu, na Novemba 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha miongozo iliyotumika kuendesha hazina hiyo. Lakini hata eneo dogo bado ni eneo. Jamii ndogo iliyozungukwa na jirani mkubwa inaweza kumezwa hata ndani ya kata moja.

Hapa naomba niingie katika taaluma yangu, kwa maana jambo hili ni la lugha kabla halijawa la fedha. Kwa miaka mingi Waogiek waliitwa Wadorobo, neno litokanalo na Kimaasai, ambalo wafugaji walilitumia kumtaja mtu maskini asiye na ng'ombe. Si jina walilojipa wenyewe. Serikali ya kikoloni ililichukua kama lilivyo, kisha ikatunga sera kwalo. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoundwa mwaka 1932, chini ya uenyekiti wa Morris Carter, ilipendekeza kwamba Wadorobo, kila inapowezekana, wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa waliyokaribiana nayo. Aliyewekwa chini ya jina la mwenziwe alihesabiwa ndani ya mwenziwe, na chochote kilichogawiwa baadaye kiligawiwa kwa jina hilo kubwa.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalizikwa pamoja na ukoloni. Katika sensa ya mwaka 2009 waliohesabiwa kuwa Waogiek ni watu 78,691, na katika jedwali lilo hilo wakaandikwa pia Wadorobo 35,015. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ilipata Waogiek 52,596. Je, kulizuka maradhi yaliyofyeka theluthi ya jamii? La hasha. Kilichobadilika zaidi ni jinsi watu walivyoulizwa, walivyojibu na walivyoandikwa. Waendorois nao walitajwa kuwa watu wapatao 60,000 katika shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, shauri lililoamuliwa kwa manufaa yao na kuidhinishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010. Sensa ya 2009 ilikuwa imewahesabu 10,132. Mpangaji wa zahanati atajenga kwa hesabu ipi?

Mataifa mengine yameipitia njia hii. Mwaka 1985 Margaret Heckler, aliyekuwa waziri wa afya wa Marekani, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Wamarekani weusi na jamii nyingine ndogo walikuwa wakipoteza watu wapatao 60,000 kila mwaka kwa vifo ambavyo visingetokea kama afya yao ingekuwa sawa na ya Wazungu. Mwaka uliofuata ikaundwa ofisi maalumu ya afya ya jamii ndogo, na ruzuku zikafuata. Sisemi kwamba Marekani imelimaliza tatizo; haijalimaliza. Nasema hesabu ilitangulia fedha.

Hesabu ikiwapo, hata sura ya ruzuku hubadilika. Chukua maradhi ya kala-azar, yanayoenezwa na usubi katika nyanda kavu za Marigat na Tiaty. Tiba iliyozoeleka ni sindano za kila siku kwa siku 17. Serikali ikitoa dawa bure, imefanya jambo jema. Lakini mama wa Kichamus atakayemlaza mtoto kwa siku 17 anahitaji nauli, chakula, na mtu wa kubaki na watoto wengine na mbuzi. Ruzuku iliyopimwa kwa wastani wa kaunti hununua dawa na kuishia hapo. Isitoshe, maji ya Ziwa Baringo yalipofurika mwaka 2020 yalifunika nyumba, shule na zahanati, na safari ya kwenda kutibiwa ikarefuka kwa wale wale waliokuwa mbali tangu hapo.

Najua pingamizi nitakalopewa, nalo ni zito. Katika Molo, Nakuru na Naivasha tumeona kabila likigeuzwa silaha, mwaka 1992 na tena mwaka 2008, na mtu mwenye busara huogopa orodha yoyote ya makabila. Nami nisingependa kadi ya mgonjwa iandikwe kabila lake. Lakini sensa tayari inauliza swali hilo, kwa hiari ya anayejibu. Ninachodai ni kwamba takwimu za afya zitangazwe hadi kiwango cha kata ndogo: akina mama wangapi walijifungua hospitalini, watoto wangapi walichanjwa, ni kilomita ngapi hadi kwa muuguzi. Kisha jamii zenyewe ziwe na viti katika kamati zinazogawa fedha, kwa majina yao halisi.

Wala tusichanganye ruzuku na fidia. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba serikali ilivunja haki za Waogiek, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu waliyopata, fedha hizo ziwekwe katika hazina ya maendeleo ya jamii. Hilo ni deni. Halimwondolei Mwogiek fungu lake la zahanati kama raia mwingine yeyote.

Jambo hili lina muda wake. Katiba inasema Hazina ya Usawazishaji itakoma miaka 20 baada ya kuanza kutumika kwa Katiba, yaani Agosti 2030, isipokuwa Bunge liirefushe kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti. Mtoto aliyeingia gredi ya kwanza huko Nessuit Januari 2025 atakuwa bado yuko gredi ya sita mwezi huo utakapofika.