Upepo na Oteo: Elimu ya Msasi katika Uwanda wa Ndabibi

Utangulizi

Methali isemayo "Bendera hufuata upepo" aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu asiye na msimamo. Katika kazi ya usasi, hata hivyo, asiyefuata upepo ndiye anayerudi nyumbani mikono mitupu. Makala haya yananuia kueleza jinsi mahali pa kuotea wanyama panavyochaguliwa kwa kuzingatia mwelekeo wa upepo. Mfano unaotumiwa ni uwanda wa Ndabibi, ulio magharibi ya Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru.

Ikumbukwe kwamba usasi wa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyamapori ikafuata mwaka 1978. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza katazo hilo na kuyahusisha hata mawindo ya kitoweo. Kwa hiyo, maelezo yatakayotolewa hapa hayakusudiwi kumfunza mtu kuua mnyama. Elimu hii inahitajiwa na mkulima anayelinda shamba lake usiku, askari wa wanyamapori, mtafiti, mpiga picha, na hasa mchungaji anayepita vichakani penye nyati. Aidha, inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu lugha hii ina msamiati wa upepo uliokomaa baharini, ambao watu wa bara hawajautumia ipasavyo.

Istilahi za msingi

Kiswahili hutofautisha mbinu za msasi kwa vitenzi mahsusi. Kunyatia au kunyemelea ni kumwendea mnyama polepole bila kuonekana. Kuotea ni kukaa mahali pamoja na kumngoja mnyama aje mwenyewe. Mahali hapo ndipo oteo, na wingi wake ni maoteo. Jukwaa linaloinuliwa kwa miti ili mlinzi wa shamba aketi juu yake huitwa dungu. Anayenyatia anaweza kubadili njia pindi upepo unapogeuka, lakini aliyeketi katika oteo au juu ya dungu amekwisha kufungwa na uamuzi wake. Ndiyo maana suala la upepo ni zito zaidi kwa anayeotea.

Istilahi mbili za mabaharia zinafaa kuongezwa hapa. Katika jahazi, upande ambako upepo unatokea huitwa joshini, na upande ambako upepo unaelekea huitwa demanini. Istilahi hizi zinaweza kuhamishiwa nchi kavu bila kupoteza maana. Kwa kuzitumia, kanuni kuu ya oteo inaelezwa kwa sentensi moja: mnyama awe joshini na mtu awe demanini. Kanuni hiyo ikivunjwa, mnyama atapata habari za mtu kabla mtu hajapata habari za mnyama.

Harufu husafirije?

Swala, pofu, punda milia na nyati hutegemea pua, masikio na macho kwa viwango tofauti. Punda milia, kwa mfano, huona vizuri sana uwandani. Nyati husifika zaidi kwa kunusa na kusikia kuliko kwa kuona. Mtu anaweza kujificha nyuma ya kichaka, akanyamaza na kutulia, na kwa kufanya hivyo akayashinda macho na masikio. Pua haidanganywi kwa njia hiyo. Jasho, pumzi, nguo na moshi ulioshika mwilini huendelea kutoa harufu hata mtu akitulia kama jiwe.

Harufu hiyo husafiri kama moshi wa jiko. Karibu na chanzo chake huwa mkondo mwembamba, na kadiri inavyosonga ndivyo inavyopanuka na kupungua nguvu. Hii ina maana kwamba eneo lililoharibiwa na harufu ya mtu halina umbo la mstari ulionyooka, bali la kabari inayoanzia miguuni pake na kupanuka kuelekea demanini. Kabla ya kuchagua oteo, yafaa mtu aichore kabari hiyo akilini mwake na kujiuliza ni njia zipi za wanyama zitakazoangukia ndani yake.

Mzunguko wa upepo wa Ndabibi

Umbile la nchi ndilo linaloupa upepo wa Ndabibi tabia yake. Mashariki kuna Ziwa Naivasha, lililo kwenye kimo cha takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Magharibi kuna kuta za Mau, na kaskazini unasimama mlima Eburru wenye kimo cha zaidi ya mita 2,800. Ndabibi, basi, ni uwanda ulio kati ya maji na milima.

Mchana, ardhi hupata joto upesi kuliko maji ya ziwa. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Wakati huohuo miteremko ya milima iliyopigwa na jua huivuta hewa ipande. Nguvu hizi mbili husaidiana, na matokeo yake ni upepo unaotoka ziwani kuelekea milimani. Usiku hali hugeuka. Miteremko hupoa, hewa iliyo juu yake huwa baridi na nzito, kisha huteremka kama maji kufuata makorongo hadi uwandani na ziwani.

Jambo hili si geni kwa Waswahili wa pwani. Wao huuita umande upepo wa alfajiri utokao nchi kavu kwenda baharini, ambao wavuvi huutumia kutoka. Neno hilohilo linaweza kuubeba upepo wa alfajiri utokao Mau kwenda Naivasha, maana chanzo chake kinafanana: ardhi iliyopoa usiku. Vivyo hivyo, mabaharia huita tanga mbili ule msimu ulio kati ya kaskazi na kusi, wakati ambapo upepo hauna mwelekeo thabiti. Ndabibi ina tanga mbili zake ndogo kila siku. Ya kwanza huja asubuhi baada ya jua kupanda, na ya pili jioni linapokaribia kutua. Katika vipindi hivyo hewa hutulia shwari, hugeuka huku na huku, na hapana oteo linaloaminika.

Juu ya mzunguko huu wa kila siku kuna pepo kubwa za msimu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutawala katikati ya mwaka. Pepo hizo, pamoja na mvua na mawingu, zinaweza kuutia nguvu upepo wa ziwani au kuuvuruga. Kwa hiyo, mzunguko ulioelezwa hapo juu ni msingi wa kupangia, na mtu hana budi kuupima upepo wenyewe kila aendapo.

Kuchagua oteo: mfano mmoja

Tuseme kuna njia ya nyati inayotoka ukingo wa msitu wa Eburru na kuteremka hadi malisho na maji uwandani. Nyati huteremka jioni na kurejea msituni alfajiri. Je, mlinzi wa shamba au mtafiti aketi wapi?

Jibu la haraka ni kuketi mbele yao, karibu na maji, ili waje wenyewe. Lakini jioni, kabla upepo haujageuka, hewa bado inatoka ziwani. Mtu aliyeketi upande wa maji yuko joshini, na kabari ya harufu yake inapanda mteremko kuwalaki nyati. Alfajiri mambo hugeuka, lakini hasara ni ileile. Nyati wanapanda, umande unateremka, na aliyewatangulia msituni anawapelekea harufu yake puani.

Hapa ndipo siri ya uwanda huu inapojitokeza. Katika safari zote mbili, ya kuteremka jioni na ya kupanda alfajiri, nyati huenda huku upepo ukiwapiga usoni. Ratiba ya upepo na ratiba ya mnyama zimelingana kwa namna inayompa mnyama habari za mbele yake daima. Kwa mantiki hiyo, oteo lililo mbele ya njia halifai jioni wala alfajiri. Linalofaa ni lile lililo ubavuni mwa njia, mbali kidogo, ili kabari ya harufu ipite sambamba na njia bila kuigusa. Ubavu upi? Ule ambao upepo wa saa hiyo hauelekezi harufu njiani hata ukiyumba kidogo. Ndiyo sababu wasasi wazoefu hawategemei oteo moja. Huwa nayo mawili au zaidi, na huchagua moja kulingana na upepo wa siku ile.

Mambo mengine matatu huambatana na uchaguzi huo. Kwanza, njia ya kufikia oteo ina uzito sawa na oteo lenyewe. Anayekatiza njia ya wanyama ili afike mahali pazuri ameacha harufu yake juu ya nyasi kabla hajaketi. Pili, korongo si mahali pa kujificha usiku, kwa kuwa hewa baridi hukusanyika humo na kuibeba harufu kama mfereji ubebavyo maji. Nyuma ya kilima nako upepo huzunguka na kuwa kisulisuli, hata mtu asijue joshi ni ipi na demani ni ipi. Tatu, kimo husaidia. Harufu ya aliye juu ya dungu yaweza kupita juu ya mnyama aliye karibu, ingawa itashuka mbele kidogo. Dungu hupunguza kosa tu, haliliondoi.

Upepo hupimwa kwa vitu vyepesi. Wasasi wengi wa Afrika Mashariki wametumia kifuko cha majivu, ambacho kikitikiswa kidogo hutoa vumbi jeupe linaloonyesha hata mvumo usiohisika shavuni. Vumbi la udongo mkavu au unyasi uliosagwa kiganjani hutoa huduma hiyohiyo. Eburru ina alama ya ziada: mvuke wa asili unaofuka katika nyufa za mlima huo wa volkeno. Palipo na mvuke unaoonekana, mtu husoma mwelekeo wa hewa ya mlimani akiwa bado mbali.

Kanuni ikigeuzwa

Kwa wakazi wengi wa Ndabibi, lililo muhimu zaidi ni kanuni hii ikigeuzwa. Mchungaji, mwanafunzi aendaye shuleni au mama atafutaye kuni hataki kumkaribia nyati bila nyati kujua. Nyati aliyeshtukizwa karibu ndiye anayeshambulia. Mtu wa namna hii yafaa, inapowezekana, apite upepo ukimpiga mgongoni, ili harufu itangulie na kubisha hodi kabla yake. Upepo ukimpiga usoni, naye yuko katika kichaka kinene, basi yuko katika nafasi ileile ambayo msasi huitafuta kwa bidii. Hana budi kutumia sauti badala ya harufu: aimbe, azungumze, agonge fimbo. Elimu iliyotumiwa kuua, hapa inaokoa maisha.

Watafiti nao wanaihitaji. Msitu wa Eburru, ambao uzio wake wa umeme ulikamilika mwaka 2014, ni mojawapo ya misitu michache ya Kenya yenye bongo wa milimani, mnyama aliye katika hatari kubwa ya kutoweka. Bongo huishi vichakani na huonekana kwa nadra, hivyo hufuatiliwa kwa kamera zinazojipiga zenyewe. Kamera haina jasho, lakini aliyeifunga mtini analo. Njia aliyopitia na vitu alivyovishika hubaki na habari zake.

Elimu hii itahifadhiwa na nani?

Kabla ya mipaka ya mashamba na hifadhi, misitu ya Mau na Eburru ilikuwa makazi ya Waogiek, jamii iliyoishi kwa asali na mawindo. Mnamo tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek, zikiwemo haki ya ardhi na ya utamaduni. Hukumu ya fidia ilifuata tarehe 23 Juni 2022. Mahakama inaweza kutambua haki ya utamaduni, lakini haiwezi kuyarejesha maneno yaliyokwisha kusahaulika. Maarifa ya upepo yaliishi katika vitendo: kijana alijifunza kwa kumfuata mzee msituni. Vitendo vilipokatazwa, darasa hilo lilifungwa, na lugha ya Kiogiek imezungukwa na lugha zenye wasemaji wengi zaidi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba oteo jema ni mahali pamoja na saa yake. Mahali palepale panapofaa adhuhuri panaweza kuwa pabaya alfajiri, kwa sababu Ziwa Naivasha na milima ya Mau na Eburru hupokezana zamu ya kuusukuma upepo. Imeonyeshwa pia kwamba joshi, demani, umande na tanga mbili ni istilahi zinazoweza kueleza hali ya Ndabibi bila kulazimika kukopa. Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili walio karibu na Bonde la Ufa. Yafaa wakutane na wazee wa Kiogiek, wachungaji na walinzi wa mashamba, wayakusanye majina ya upepo wanayoyatumia na kuyaweka bega kwa bega na yale ya pwani. Wazee wenyewe ndio wanaopungua kila mwaka.