Je, Wajua? Tofali la 1958 bado linashika

Tofali la kuchezea la LEGO lililotengenezwa Denmark mwaka 1958 linashikana barabara na lililotoka kiwandani juzi. Siri ni mirija iliyo ndani yake, inayobana vifundo vya tofali la chini.

• Miaka hiyo ya 1950 kampuni hiyo iliuza pia vigari vilivyopunguzwa mara 87, vya kupangwa kwenye mitaa ya matofali. Kwa kipimo hicho, gari la mita 4 linabaki sentimita 4.6.

• Unataka kukiegesha kigari kama hicho nje ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa ya Singida? Ukuta wa mita 2 unakuwa sentimita 2.3. Tofali lina kimo cha milimita 9.6: panga mawili, ongeza kipande chembamba cha milimita 3.2, na tembe yako imetimia.

• Magurudumu ya kuunganishwa na matofali ya LEGO yaliingia sokoni mwaka 1962.

• Huna plastiki? Mtoto wa Mungaa, wilayani Ikungi, anaweza kuunda gari lake bila kwenda dukani, kama wafanyavyo watoto vijijini kote nchini: waya au kopo ndiyo bodi, kandambili kuukuu zinakatwa magurudumu, fito ndefu ndiyo usukani. Matofali ya gereji yake? Udongo mbichi ukishindiliwa ndani ya kasha la kiberiti na kuanikwa juani, kazi imekwisha.